Mto, Mvuke na Upepo: Jinsi Kenya Ilivyopanga Umeme Wake

Umeme, tofauti na mahindi au mafuta ya taa, hauwekwi ghalani kwa wingi. Hutumika papo hapo unapozalishwa, ilhali mitambo ya kuuzalisha huchukua miaka mitano, kumi au hata ishirini tangu ifikiriwe mpaka iwashwe. Kwa sababu hiyo serikali inayopanga umeme wa muda mrefu hulazimika kukisia leo mahitaji ya wateja ambao baadhi yao bado ni watoto, na kukopa fedha nyingi kwa kutegemea makisio hayo. Ikikisia kidogo, nchi huingia gizani. Ikikisia kupita kiasi, wateja hulipishwa mitambo iliyokaa bure. Ugumu huo huongezeka pale nchi inapotegemea nishati jadidifu, yaani nishati ya vyanzo visivyokwisha kwa kutumiwa, kama vile maji ya mito, joto la ardhini, upepo na jua, maana kila chanzo kina tabia yake ambayo amri ya waziri haiwezi kuibadilisha. Kenya, ambayo hupata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kutokana na vyanzo hivyo, imepitia takriban kila aina ya mafanikio na makosa yanayowezekana katika kazi hii. Historia yake yaonyesha kwamba wingi wa mito au mvuke haukuwa ndio ulioamua mambo. Yaliyoamua ni maswali mawili, la kwanza nani alikubali kubeba hasara ya kutafuta chanzo kabla hakijajulikana, na la pili nani aliandika tarakimu za mahitaji.

Katika miongo ya mwanzo hapakuwa na mpango wa taifa hata kidogo, bali palikuwa na hesabu za makampuni. Masimulizi ya shirika la umeme la Kenya yenyewe huanzia Zanzibar, ambako Sultani Barghash alikuwa na jenereta ya kuangazia kasri lake na mitaa ya jirani. Mwaka 1908 jenereta hiyo iliangukia mikononi mwa Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, na mwaka huohuo ikaundwa kampuni ya kuuza umeme mjini humo, huku Nairobi nayo ikipata kampuni yake. Mwaka 1922 kampuni hizo mbili ziliunganishwa kuwa East African Power and Lighting, ambayo baadaye ilinunua hisa nyingi katika kampuni ya umeme ya Tanganyika na kupata leseni ya kuhudumia Uganda pia. Ilijenga vituo vidogo vya maji katika mito ya nyanda za juu, kama kile cha Ndula katika Mto Thika, na kufunga mitambo ya mafuta pale ambapo mito haikutosha. Waliohesabiwa kuwa wateja walikuwa miji, viwanda, mashamba makubwa na nyumba za walowezi. Waafrika walio wengi hawakuingia katika makisio ya mtu yeyote, wala kampuni haikuona sababu ya kuwaingiza.

Uamuzi wa kwanza uliostahili kuitwa mpango wa muda mrefu ulihusu mto wa nchi jirani. Bwawa la Owen Falls, mahali ambapo Mto Nile unatoka katika Ziwa Viktoria kule Jinja, lilifunguliwa mwaka 1954, na katika mwaka huo iliundwa kampuni ya Kenya Power kwa ajili ya kujenga njia ya kusafirisha umeme kutoka Tororo hadi Nairobi. Kenya ilijifunga kwa mkataba wa muda mrefu kununua megawati 30 kutoka Uganda. Megawati ni kipimo cha nguvu ambayo mtambo unaweza kutoa kwa wakati mmoja, na haifai kuchanganywa na kilowati-saa, ambayo ndiyo “yuniti” anayoinunua mteja na ambayo hupima kiasi cha nishati kilichotumika kwa muda fulani. Mkataba wa Owen Falls ulikuwa nafuu na ulifaa kwa wakati wake, lakini baada ya uhuru ilionekana wazi kwamba taifa lililotaka viwanda vyake lenyewe haliwezi kuacha swichi kuu ng'ambo ya mpaka.

Jibu lilitafutwa katika Mto Tana, ambao hupokea maji kutoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua na kuteremka kwa kasi kabla ya kufika nyanda kavu za mashariki. Kituo cha Kindaruma kilianza kazi mwaka 1968, kikafuatwa na Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Werevu wa mpango huu, unaojulikana kwa jina la Seven Forks, ulikuwa katika kuyatumia maji yaleyale mara kadhaa: tone linalopita katika mitambo ya Masinga, ambako bwawa kubwa kuliko yote huhifadhi maji ya masika kwa ajili ya kiangazi, huenda likazungusha mitambo ya Kamburu, kisha ya Gitaru, ya Kindaruma na ya Kiambere, kabla ya kuachiliwa liende zake kwa wakulima na wafugaji wa chini. Faida hiyo ilibeba hatari iliyojificha ndani yake, kwani vituo vitano vilivyoonekana kuwa vitano katika orodha ya wizara vilikuwa, mbele ya ukame, kituo kimoja tu. Mvua ikikosekana Nyandarua, vyote hupungukiwa kwa pamoja.

Hata kabla ya mabwawa hayo kujengwa, kazi nyingine ilikuwa imeanza polepole katika Bonde la Ufa, kusini mwa Ziwa Naivasha. Mahali paitwapo Olkaria mvuke ulikuwa ukifuka ardhini tangu enzi ambazo Wamaasai hawazikumbuki mwanzo wake, na wataalamu walijua kwamba chini ya volkano hizo mna jotoardhi, yaani joto la miamba ya ndani ambalo huchemsha maji yaliyonaswa katika nyufa. Kati ya mwaka 1956 na 1958 vilichimbwa visima viwili, kimoja cha mita 950 na kingine cha mita 502. Vilikuwa na joto, lakini havikutoa mvuke wa kutosha kuzungusha chochote, na shughuli ikaachwa. Kampuni ya biashara, iliyokuwa na Owen Falls upande mmoja na mafuta ya bei rahisi upande mwingine, haikuwa na sababu ya kuendelea kuchimba.

Aliyerudi kuchimba hakuwa mfanyabiashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ya Kenya pamoja na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa walifanya uchunguzi kuanzia Ziwa Bogoria hadi Olkaria, wakaiteua Olkaria, na mwaka 1973 uchimbaji ukaanza upya. Ilikuwa bahati ya kalenda kwamba mwaka huohuo bei ya mafuta ilipanda ghafla duniani, na mitambo ya mafuta ya Kipevu kule Mombasa ikawa mzigo mzito kwa hazina. Ghafla hesabu ambazo zilikuwa zimeukataa mvuke zilianza kuupendelea. Kufikia mwaka 1976 visima sita vya kina kirefu vilikuwa vimekamilika, na ushahidi wa kutosha ulikuwa umepatikana kwamba kituo cha umeme kingeweza kujengwa.

Kazi ya kisima cha namna hiyo inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake ndimo ulimo ugumu wote wa kupanga umeme wa jotoardhi. Mnara wa kuchimbia husimamishwa juu ya eneo lililosawazishwa, na kekee yenye meno magumu huteremshwa ikizungushwa mwishoni mwa mabomba marefu, huku matope maalumu yakisukumwa ndani ili kuipoza na kuyapandisha juu mabaki ya mwamba. Kila hatua fulani ya kina mabomba mapana ya chuma huingizwa na kushikizwa kwa saruji, ili ukuta wa kisima usiporomoke na maji baridi ya juu yasipenye. Katika sehemu ya chini kabisa, ambako mvuke unatarajiwa, huwekwa bomba lenye matundu. Kina cha kilomita tatu ni jambo la kawaida siku hizi. Baada ya hapo kisima hufungwa na kuachwa kwa majuma au miezi kipate joto tena, kisha hufunguliwa kwa majaribio. Kikiwa kizuri, mchanganyiko wa mvuke na maji hulipuka kwa ngurumo inayolazimu wafanyakazi kuziba masikio, na wapimaji husoma shinikizo na wingi wa maji kwa muda mrefu kabla ya kuthubutu kutaja megawati. Kituo kikishajengwa, mchanganyiko huo hupitishwa katika silinda ya kutenganishia, mvuke ukaenda kwenye mtambo na maji ya moto yakarudishwa ardhini. Kisima kisichotoa mvuke hulipiwa sawa na kinachotoa, na gharama ya kimoja huhesabiwa kwa mamilioni ya dola. Benki haikopeshi kwa furaha fedha za kutafuta kitu ambacho huenda hakipo.

Mtambo wa kwanza wa Olkaria, wenye megawati 15, uliwashwa mwaka 1981, wa pili mwaka 1982 na wa tatu mwaka 1985, jumla ikawa megawati 45. Barani Afrika palikuwa pamewahi kuwa na kituo kidogo cha aina hiyo huko Kiabukwa, Katanga, kilichojengwa mwaka 1952 kikiwa na takriban kilowati 200 kwa ajili ya mgodi, lakini Olkaria ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuingiza mvuke katika gridi ya taifa, yaani mtandao wa nyaya unaounganisha vituo na miji yote mikubwa. Mwezi wa Agosti mwaka huo wa 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu Vyanzo Vipya na Jadidifu vya Nishati, na wajumbe waliotoka nchi zilizokuwa bado zinajadili jambo hilo kwa nadharia walikutana na nchi iliyokuwa tayari imelifanya, ingawa kwa kiwango kidogo. Hata hifadhi ya taifa ya Hell's Gate, inayozunguka eneo hilo, ilitangazwa baadaye, mwaka 1984, kwa hiyo si sahihi kusema, kama wengine wanavyosema, kwamba mitambo iliivamia hifadhi; viliwekwa pamoja karibu kwa wakati mmoja, na tangu hapo twiga na mabomba vimekuwa majirani.

Baada ya mwanzo huo mwema ilitarajiwa kwamba kituo cha pili kingefuata upesi. Hakikufuata kwa karibu miaka ishirini. Visima vya Olkaria ya pili vilichimbwa kuanzia miaka ya 1980, lakini Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walisitisha misaada mipya kwa Kenya wakidai mageuzi ya kisiasa na kiuchumi, na sekta ya umeme, ambayo ilitegemea mikopo nafuu ya wafadhili haohao kwa kila mradi mkubwa, ikasimama. Bwawa la Turkwel lilikuwa limekamilika mwaka 1991 kukiwa na malalamiko makubwa kuhusu gharama na namna mkataba wake ulivyotolewa, na kwa muda uliobaki wa mwongo huo hakuna kituo kikubwa cha nishati jadidifu kilichoanza kuzalisha umeme. Mvuke uliokwisha kulipiwa ulibaki chini ya vifuniko vya visima huku mahitaji yakipanda kila mwaka.

Pengo lilizibwa kwa mafuta. Katika miaka ya 1996 na 1997 serikali iliruhusu makampuni binafsi kujenga mitambo ya mafuta na kuuza umeme kwa shirika la ugavi, na kwa njia hiyo uliingia nchini utaratibu ambao athari zake bado zinaonekana katika kila ankara: mkataba wa ununuzi wa umeme. Chini ya mkataba wa aina hiyo shirika hulipa mafungu mawili, moja kwa kila yuniti inayonunuliwa na jingine kwa ajili ya uwezo, yaani ada inayolipwa hata mtambo ukilala, ili mwekezaji aweze kurudisha mkopo wake. Utaratibu huo si dhuluma kwa asili yake, kwa kuwa pasipo uhakika wa malipo hakuna atakayejenga. Lakini unahamisha hatari ya makisio mabaya kutoka kwa mjenzi kwenda kwa mteja, na wale waliousaini wakati wa dhiki hawakuwa na nguvu ya kupatana.

Kisha ukame ukaja kuukagua mpango mzima. Mvua za mwaka 1999 na 2000 zilishindwa, na kwa kuwa zaidi ya theluthi mbili za umeme zilitoka katika maji, mabwawa ya Tana yalipungua kwa pamoja kama hatari iliyokwisha kutajwa ilivyoashiria. Umeme uligawiwa kwa zamu, viwanda vikafunga kazi kwa saa nyingi kila siku, na mitambo ya dharura ya dizeli ikakodiwa kwa bei ya juu. Kasoro haikuwa katika mabwawa bali katika hesabu. Wapangaji walikuwa wamezoea kutumia wastani wa mvua wa miaka mingi, na ingawa wastani huo ulikuwa sahihi, hakuna mtambo unaozungushwa na wastani. Mwaka 2009 jambo hilo lilijirudia, Masinga ikalazimika kuzimwa kwa kukosa maji.

Mageuzi yalikuwa yameanza kabla ya ukame wa mwaka 1999 na yakapata nguvu kutokana nao. Sheria ya mwaka 1997 ilitenganisha uzalishaji na ugavi, ikazaliwa KenGen kuwa mzalishaji wa umma. Mwaka 2000 kampuni ya Ormat ilianza kuzalisha megawati 8 katika Olkaria ya tatu, na inafaa kusisitiza jambo ambalo masimulizi ya sekta binafsi hulipita haraka, kwamba eneo hilo lilikuwa limekwisha kuchunguzwa na kuchimbwa visima kadhaa kwa fedha za umma kabla ya mwekezaji kukabidhiwa. Olkaria ya pili iliwashwa hatimaye mwaka 2003 ikiwa na megawati 70. Kutokana na uzoefu huo ndipo mwaka 2008 serikali ilipounda Kampuni ya Maendeleo ya Jotoardhi, GDC, ambayo kazi yake ni kuchunguza na kuchimba kwa fedha za umma, kisha kuwauzia mvuke wale watakaojenga mitambo. Ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote katika historia hii, kwa sababu ulikiri wazi kilichokuwa kikitendeka kimyakimya tangu 1973: hatari ya kutafuta ni ya taifa, na biashara huanza pale hatari hiyo inapokwisha.

Matunda yalionekana kwanza kwa KenGen, ambayo iliendelea kuchimba Olkaria yenyewe. Mwaka 2014 na mwanzo wa 2015 Olkaria ya nne pamoja na upanuzi wa Olkaria ya kwanza ziliongeza megawati 280, na kwa mara ya kwanza mvuke ukaanza kuyapita maji katika kuchangia gridi, huku mitambo ya dizeli ikizimwa kwa sehemu kubwa ya siku. Sifa kubwa ya jotoardhi ni uthabiti: kituo chake hufanya kazi zaidi ya saa tisa katika kila saa kumi, usiku na mchana, masika na kiangazi, na kwa hiyo hubeba mzigo wa msingi, yaani kile kiwango cha mahitaji ambacho hakishuki hata usiku wa manane. Kwa upande mwingine, familia za Wamaasai zilizohamishwa kupisha Olkaria ya nne na kupelekwa mahali paitwapo RAPland zililalamika kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya kuhusu ardhi, barabara na hati walizoahidiwa, na usuluhishi ulipatikana mwaka 2016. Malalamiko yao yalikuwa na msingi. Menengai nako, karibu na Nakuru, ambako GDC ilianza kuchimba mwaka 2011, mvuke ulipatikana mapema lakini kituo cha kwanza, cha megawati 35, hakikukamilika hadi mwaka 2023, kwa kuwa dhamana za serikali, mikopo na mikataba ilichukua muda mrefu kuliko miamba.

Hadi hapa swali la nani abebe hatari ya kutafuta lilikuwa limepata jibu. Swali la pili, la tarakimu za mahitaji, ndilo lililoharibika. Tangu sheria mpya ya mwaka 2006 wizara na taasisi zake zimekuwa zikiandaa waraka uitwao Mpango wa Maendeleo ya Umeme wa Gharama Nafuu Zaidi, unaotazama miaka ishirini mbele na kurudiwa mara kwa mara. Waraka huo huanza kwa kukisia kilele cha mahitaji, yaani kiwango cha juu kabisa ambacho nchi nzima itatumia kwa wakati mmoja, ambacho nchini Kenya hufikiwa jioni, kati ya saa moja na saa tatu, watu wanaporudi nyumbani. Kisha huorodhesha mitambo inayoweza kujengwa, hulinganisha gharama ya kila yuniti katika maisha yote ya mtambo, huongeza akiba kwa ajili ya ukame na hitilafu, na kupanga nini kijengwe mwaka gani. Hesabu zote hizo, hata zifanywe kwa kompyuta bora kiasi gani, hutegemea tarakimu ya kwanza.

Katika waraka wa mwaka 2011 tarakimu hiyo ilichukuliwa kutoka kwenye Ruwaza ya 2030, dira ya taifa iliyozinduliwa mwaka 2008 ambayo ililenga uchumi kukua kwa asilimia 10 kila mwaka. Wapangaji walichukua lengo hilo kana kwamba limekwisha kutimia, wakaongeza juu yake miradi mikuu ya dira, kama vile reli ya umeme na mji wa Konza, na kufikia hitimisho kwamba kilele cha mahitaji, kilichokuwa karibu megawati 1,300, kingefika 15,026 ifikapo mwaka 2031. Ili kukidhi hayo walipendekeza zaidi ya megawati 5,000 za jotoardhi, vinu vya nyuklia vya megawati 4,000, makaa ya mawe na umeme wa kununua nje. Mwaka 2013 serikali mpya ilikwenda mbali zaidi kwa kuahidi kuongeza megawati 5,000 katika muda wa miezi 40, ahadi ambayo mtu yeyote aliyewahi kungoja kisima kimoja kipate joto angeweza kuitilia shaka.

Kilichotokea kilikuwa kingine. Mwaka wa fedha ulioishia Juni 2013 kilele kilikuwa megawati 1,354. Mwaka ulioishia Juni 2019 kilikuwa megawati 1,882. Wakati huohuo idadi ya wateja iliruka kutoka kama milioni 2.3 hadi zaidi ya milioni 7, kwa sababu kampeni ya kuwaunganisha wananchi vijijini ilifaulu sana. Tofauti kati ya mikondo hii miwili inaeleweka kwa urahisi na yeyote aliyekaa katika nyumba hizo: familia huwasha taa chache, huchaji simu na kusikiliza redio au televisheni, lakini hupikia kuni, makaa au gesi, na mwezi unaweza kupita kwa tokeni ya shilingi mia moja au mia mbili. Kumfikishia mtu waya ni haki yake, lakini waya peke yake hauzai mahitaji. Mahitaji makubwa hutoka katika viwanda, na viwanda havikukua kwa kasi iliyoandikwa.

Miradi iliyosainiwa kwa tarakimu za zamani iliendelea kuja. Mkubwa zaidi ulikuwa wa upepo, karibu na Loiyangalani, ambako hewa hubanwa kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiro na kuvuma kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310 ilikuwa imesimama tayari mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme hadi Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari, kwa kuwa mkandarasi wake wa Hispania alifilisika na malipo ya ardhi yalichelewa. Serikali, iliyokuwa imedhamini kuwapo kwa njia hiyo, ililazimika kulipa mabilioni ya shilingi kwa ajili ya upepo ambao haukufika popote. Njia ilikamilika mwaka 2018. Mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi zilipatikana kinyume cha utaratibu, jambo ambalo jamii za huko zilikuwa zikilisema kwa miaka.

Hapo tabia za vyanzo zikagongana. Upepo wa Loiyangalani huvuma sana usiku, wakati nchi imelala na mahitaji yameshuka, na shirika limefungwa na mkataba wa kuununua. Mvuke nao hauwezi kupunguzwa na kuongezwa kwa urahisi kama maji ya bwawa. Matokeo yake ni kwamba KenGen ilijikuta ikiachilia mvuke angani usiku, mvuke ambao taifa lilikopa ili kuupata. Punguzo la bei kwa viwanda vinavyofanya kazi usiku, lililoanza Desemba 2017, lilisaidia kidogo. Ni vyema pia ikumbukwe kwamba mradi mmoja mkubwa wa enzi ya ahadi zile haukujengwa: kituo cha makaa ya mawe cha Lamu, cha megawati 1,050, ambacho leseni yake ya mazingira ilifutwa na baraza la rufaa la mazingira Juni 2019 kwa kukosa ushirikishwaji wa kutosha wa wananchi. Wanaharakati wa Lamu waliokoa urithi wa pwani yao. Bila ya kukusudia waliwaokoa pia wateja wa nchi nzima na ada ya uwezo kwa kituo ambacho gridi isingekihitaji kwa miaka mingi.

Mwaka 2021 kamati iliyoundwa na Rais Uhuru Kenyatta ilipitia mikataba yote, na usainiaji wa mipya ukasimamishwa. Hatua hiyo ilieleweka, ila ilichukua kosa moja na kulijibu kwa kosa la upande wa pili, maana kusimamisha mikataba ni kusimamisha umeme wa miaka mitano ijayo. Mahitaji yaliendelea kukua taratibu kama yalivyokuwa yakikua siku zote, ukame wa 2022 ukapunguza tena maji ya Tana, na Novemba 2022 Kenya ikaanza kununua megawati 200 kutoka Ethiopia kwa mkataba wa miaka 25, kupitia njia ya zaidi ya kilomita 1,000 inayoishia Suswa. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukawa gizani. Siku kumi baadaye Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Afrika kuhusu tabianchi, na nchi ikasifiwa, kwa haki, kwa usafi wa umeme wake.

Katika miaka ya 2024 na 2025 viongozi wa serikali walikiri hadharani kwamba baadhi ya maeneo hukatiwa umeme jioni kwa sababu uzalishaji na njia za kusafirisha havitoshi saa za kilele, huku usiku wa manane kukibaki ziada. Kilele kilichorekodiwa mwanzoni mwa 2025 kilikuwa takriban megawati 2,300. Waraka wa 2011 ulikuwa umeuwekea mwaka 2031 megawati 15,026.